Sikio la Afande

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imeanguka mchana, na pamoja nayo ameniangukia nyumbani Tarcisio Ocaya, na sanduku la bati, rozari, na tarumbeta iliyofungwa ndani ya taulo.

Sikumwalika. Nyumba hii ya Kisugu aliijenga baba yangu kwa biashara ya nguo, na ndani yake tumeswali na kuzikana vizazi vitatu. Lakini mwanangu Rafiq alimwoa Adoch, binti wa Tarcisio, na nilipoulizwa siku ile kama nina neno, nilikohoa tu. Adoch ni mke mwema. Sikupata kumchukia. Chuki yote nilimwekea babake.

"Baba atakaa na sisi mpaka mvua ziishe, Mama," aliniambia wiki iliyopita huku akinikanda miguu. "Ile nyumba ya Naguru inavuja, na magoti yamemkataa. Nitamwacha na nani, bambi?"

Mtu anayekukanda miguu huku akikubembeleza kwa "bambi" humwambii hapana.

Tarcisio alisimama mlangoni maji yakimtiririka, akapiga saluti. "Mama Rafiq! Bado unaishi?"

"Nakusubiri wewe utangulie, Afande."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Alidhani ni mzaha.

Jumatano, 6 Machi

Moyo wangu umechoka. Daktari hakunitajia miezi. Alisema nisipande ngazi, nisile chumvi, na niweke mambo yangu sawa. Ngazi hatuna, chumvi nimeacha. Limebaki la tatu.

Basi niandike kwa nini namchukia.

Mdogo wangu Hamim alipiga klarineti katika bendi ya askari, na kiongozi wa bendi alikuwa Tarcisio, aliyeongoza huku akipiga tarumbeta. Kwenye gwaride moja la sikukuu, mbele ya wakubwa wote, walipiga wimbo alioutunga Tarcisio mwenyewe na kuupa jina la mkewe, Lanyero. Katikati, pale wimbo unapotulia na kuwa mtamu, nota moja ilipinda. Nilikuwa pale na wanafunzi wangu. Niliisikia, na kila mtu aliisikia.

Jioni ile Tarcisio aliwapanga askari wake mstari, akasimama mbele ya Hamim, akasema, "Hamim, sikio yako imekufa." Akamnyang'anya klarineti wenzake wakitazama. Mdogo wangu akapelekwa kulinda lango, na langoni ndiko alikozeekea.

"Sikukosea, dada," aliniambia. "Kidole changu kilikuwa mahali pake."

Sikumwuliza mara ya pili. Hamim hakuwa na kipaji cha uongo. Na sehemu ile ya katikati walikuwa wakiipiga wawili tu, yeye na kiongozi wake. Kama si huyu ni yule. Nikahitimisha kwamba Tarcisio alijua kosa ni lake, akamvisha mwingine.

Hamim hakusikiliza muziki tena. Redio ikianza wimbo, alitoka nje. Alifia katika chumba cha nyuma, ambamo sasa Adoch amemtandikia babake kitanda. Adoch hajui habari hii. Rafiq alikuwa mtoto, ameisahau. Tarcisio naye hasemi kitu.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi nzima spika ya simu yake imepiga wimbo uleule, kwa sauti ya mwisho. Vikombe vimetetemeka kabatini.

"Baba, punguza!" Adoch alipiga kelele kutoka jikoni. "Mtaa wote uko gwarideni!"

Alipokuja kunywa chai nilimwuliza ni nini kile.

"Hiyo ndiyo gwaride yenyewe, Mama Rafiq. Mtu wa redio alirekodi siku ile, mimi nikalinda kaseti miaka yote. Sasa Kidega amenitilia ndani ya simu." Kidega ni mpiga ngoma wake wa zamani. "Wazee wa bendi wanakutana tarehe kumi na nane mwezi wa tano. Wanataka niongoze 'Lanyero' mara ya mwisho. Na karatasi za nota zote mchwa wamekula. Kwa hiyo nasikiliza, naandika upya. Tarumbeta, ngoma, tromboni, kila mtu na yake."

"Na klarineti?"

Alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Hiyo nitaandika mwisho."

Mchana Adoch amemletea hedifoni kubwa nyeusi kutoka mjini. Nyumba imetulia. Anakaa barazani, masikio yamefunikwa, kidole kikipiga goti.

Jumanne, 12 Machi

Ramadhani imeingia. Yeye yuko kwenye Kwaresma, mimi kwenye Ramadhani, na hakuna kati yetu ambaye daktari amemruhusu kufunga. Tunatazamana juu ya uji kama wezi wawili waliokutana dirishani.

Ijumaa, 15 Machi

Leo nimeanza.

Tarcisio hulala baada ya chakula cha mchana, na simu yake huichaji kwenye soketi iliyo karibu na kiti changu. Haina namba ya siri, kwa sababu huisahau. Programu yake ya muziki ni ileile ambayo Rafiq aliniwekea mimi kwa ajili ya kasida, kwa hiyo sikuhitaji kuuliza mtu.

Ndani yake kuna mahali panapoitwa ikwalaiza. Kuna mipangilio iliyo tayari, Kawaida, Klasiki, Jazi, Roki, Dansi, na chini yake vijiti vitano vya kupandisha na kushusha. Cha kwanza ni ngurumo, ile inayokupiga kifuani. Cha pili ni unene wa sauti. Cha tatu ni pale tunapozungumzia sisi watu. Cha nne ni ukali wa ala. Cha tano ni vitu vya juu kabisa, matoazi na pumzi za wapigaji. Nilifundisha fizikia katika shule ya wasichana mpaka nikastaafu. Najua sikio linavyozeeka. Linaanza kufa juu, linashuka polepole, na mwenyewe hajui, mpaka siku anapoanza kuwagombeza watu kwa kunong'ona.

Nilifuta miwani. Nikashusha kijiti cha tano, unene wa ukucha tu.

Programu ikaniambia niupe mpangilio wangu jina. Nikaandika: Hamim.

Nataka jambo moja kabla sijafa. Nataka Tarcisio asimame mbele ya wenzake wa bendi, aseme kwa mdomo wake kwamba sikio lake limekufa. Nikilisikia hilo waniletee sanda.

Jumanne, 19 Machi

Nimeshusha tena. Hajatambua.

Jumapili, 24 Machi

Amerudi kanisani na tawi la mtende, akalichomeka juu ya mlango wa chumba cha nyuma. Mchana akatoka barazani hedifoni zikiwa shingoni.

"Mama Rafiq, wewe ni mtu wa sayansi. Matoazi yanaweza kutoka ndani ya kaseti?"

"Yatoke yaende wapi, Afande?"

"Ndiyo najiuliza. Yalikuwa pale. Sasa nasikia mtu anapangusa sufuria."

"Umri," nikasema.

"Umri," akakubali. Akapandisha sauti hadi mwisho, simu ikamwonya kwamba sauti kubwa itamharibia masikio. Alinionyesha kioo akicheka. "Ona. Hata simu inanionea huruma."

Sikucheka. Moyoni nilikuwa nacheka sana.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Adoch alipika tangu asubuhi, kuku na odii, ile siagi ya ufuta anayoiuza sokoni Kalerwe. Nilimtegemea mzee ale ashibe mbele ya Rafiq aliyefunga, ili nipate jambo jingine la kumchukia. Hakula. Alikaa na njaa mpaka adhana ya magharibi.

"Siwezi kula Pasaka peke yangu kama mbwa," alisema, akampa Rafiq tende ya kwanza.

Iliniudhi kuliko kama angekula.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mtaro wa Kalerwe umefurika, Adoch hakwenda kwenye kibanda chake. Ameshinda hapa nyumbani akikunja nguo mbele ya soketi.

Alhamisi, 4 Aprili

Vivyo hivyo.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Tarcisio alivaa koti, akaja mpaka kitini pangu, akapiga saluti. "Idi njema, mwalimu." Akaniwekea mkononi leso mpya, nyeupe, yenye ua la bluu pembeni. Sijui aliinunua lini.

Walipokwenda kuwatembelea watu nilishusha kijiti cha nne, na safari hii si kwa unene wa ukucha. Hiyo ndiyo Idi niliyojipa.

Leso naitumia. Ni leso nzuri.

Jumanne, 16 Aprili

Mambo yamekaribia kuharibika.

Kwanza, Adoch alisema hedifoni ni mbovu, akanunua nyingine. Mzee akazivaa, akasikiliza, akazivua. "Ni ileile. Ubaya uko kichwani, haiko kwa hii kitu."

Ndipo Adoch akampeleka kwa daktari wa masikio. Nilikaa hapa nikihesabu shanga za tasbihi bila kusema neno lolote la tasbihi. Wakipima, wataona. Wakiona, watauliza. Wakiuliza, atafungua simu mtu mwenye vidole vya kisasa, na jina la mdogo wangu litasomeka.

Walirudi jioni.

"Daktari anasema masikio yake ni mazuri kuliko ya Rafiq!" Adoch alisema, akivua viatu vyenye tope.

"Daktari!" Tarcisio alitupa kofia mezani. "Ananifungia ndani ya kabati, mashine inalia piii, piii. Mimi nimemwomba anipimie bendi. Anasema, mzee, hatupimi bendi. Sasa unapima nini?" Akanigeukia mimi. "Midomo ya watu nasikia. Mvua nasikia. Muziki peke yake ndiyo inanikimbia. Hiyo si ugonjwa ya hospitali, Mama Rafiq. Hiyo mtu anaadhibiwa."

"Kwa kosa gani?" nikauliza.

Aliniangalia usoni. "Mtu hakosi kosa," alisema, akaingia chumbani.

Nilidhani: anajua. Anajua na bado hasemi.

Jumatatu, 22 Aprili

Kushusha hakutoshi. Nimepandisha kijiti cha pili mpaka karibu na kilele, ili kilichobaki kijae tope. Wimbo sasa unasikika kama bendi inayopiga ndani ya tangi la maji. Nimejaribu mwenyewe kwa hedifoni zake, zikiwa bado na joto la masikio yake.

Jioni nilimwona kupitia dirisha, penseli mkononi, akijipiga kifua kwa ngumi, taratibu, kama anayebisha hodi.

Nililala vizuri.

Jumatatu, 29 Aprili

Amemwambia Adoch kwamba atampigia Kidega aitafutie bendi mtu mwingine. "Nitasema masikio yananisumbua."

Yananisumbua! Hamim hakuambiwa masikio yanamsumbua. Hilo sitalipokea. Na kwenye simu, kwa Kidega peke yake? Nimejitoa mhanga kwa jambo kubwa kuliko hilo.

Nikamwambia, kwa sauti ya mwalimu, "Afande, mtu hajiuzulu kwa simu. Ukisimama, simama mbele yao."

"Ee," alisema. "Hapo umenena. Nitakwenda nisimame."

Jumapili, 5 Mei

Naandika kitandani, mistari inapanda na kushuka.

Ijumaa baada ya adhuhuri nilikuwa peke yangu sebuleni na pumzi ikakataa kuingia. Sikuanguka. Nilikaa wima kama kawaida, mdomo wazi, sauti haitoki. Redio ya jirani ilikuwa inapiga kelele na mvua iko juu ya mabati. Nikasema, basi, nakufa kabla yake, na hajalisema.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Akaja akiburuta goti.

"Nimesikia pumzi yako inakwaruza," alisema. "Kama klarineti yenye mwanzi mbovu pale mdomoni."

Kuna kuta mbili kati yetu, na mvua. Alifungua dirisha, akanivuta mbele, akanishika mgongo, akawapigia majirani kelele za gwaride walete gari. Njiani alikuwa akinihesabia, "Moja, vuta. Mbili, toa. Moja, vuta," kama kuruta. Daktari alisema dakika chache zaidi zingetosha kunimaliza.

Sikio ninaloliua ndilo lililonisikia. Nalala hapa na jambo hilo limenikalia kifuani kuliko ugonjwa. Sikumwomba aniokoe. Nani alimwomba?

Jumanne, 7 Mei

Amenichemshia uji. Una mabonge. Nimeula.

Alhamisi, 9 Mei

Adoch alikwenda Kalerwe, Rafiq dukani. Tarcisio alibisha, akaingia, akakaa kwenye kigoda cha dawa. Simu mkononi. Hakupiga saluti.

"Mama Rafiq, Hamim hakukosea."

Nilijisogeza juu ya mto.

"Leo asubuhi nilisema nisikilize mara ya mwisho, kisha niwaache. Nimefika pale katikati. Tarumbeta yangu haiko. Ile makali yake yote imekwenda, imebaki kama mtu anaimba na blanketi mdomoni. Na chini yake, mnene, wazi, iko klarineti. Maisha yangu yote sijawahi kuisikia ndani ya kaseti hii, mimi naifunika. Nikaifuata. Nota kwa nota. Yeye ananyooka. Anayepinda ni mimi."

"Ulijua," nikamwambia. "Ulijua siku ileile."

"Sikujua!"

"Mlikuwa wawili tu pale, Afande. Ungekosaje kujua?"

"Wewe hujapiga chombo ya shaba." Aligonga meno yake ya mbele kwa ukucha. "Chombo iko hapa. Inalia ndani ya fuvu. Unajisikia wewe tu, na wewe kwako siku zote uko sawa. Nilisikia nota mbili zinagombana, moja ndani ya kichwa yangu, moja nyuma ya mgongo. Nikasema mbaya ni ile ya nyuma. Niliapa. Ningeapa mpaka leo asubuhi."

Nilitaka asiwe anasema kweli. Nilimkazia macho nilivyozoea kuwakazia wasichana waliosema daftari limeliwa na mbuzi. Alikuwa anasema kweli. Nani awezaye kunielewa nikisema kwamba hilo liliniuma zaidi? Mwongo nilimchukia miaka yote nikiwa nimesimama wima. Mtu aliyekosea tu, mpumbavu aliyejisikia fuvu lake, nimfanye nini?

"Halafu nikajiuliza," aliendelea, "kwa nini leo nasikia hivi? Nikampigia Kidega. Akaniambia bonyeza hapa, fungua pale. Nikaona vijiti. Nikaona na jina." Aliiweka simu juu ya shuka, kwenye tumbo langu. "Binti yangu hawezi kuandika jina hiyo. Hajui."

"Ni mimi," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

Alitikisa kichwa, akaguna. "Kwa Ramadhani, mwalimu! Na mimi najipiga kifua kanisani."

"Nilikuona ukijipiga. Nikafurahi."

"Ulitaka nife?"

"Nilitaka useme. Mbele yao. Maneno yaleyale uliyomwambia."

"Si ungeniambia usoni?"

"Hamim alikuambia usoni. Ulimsikiliza?"

Mabati yalikuwa yanadondosha mvua ya jana. Nilichukua simu ili nirudishe vijiti mahali pake. Sikufanya hivyo kwa wema. Nilikuwa nimekamatwa tu. Akanishika kifundo cha mkono, kwa adabu, kama mtu anayeshika yai.

"Acha hivyohivyo. Ukipandisha atapotea tena. Bado sijaandika sehemu yake."

Amekaa barazani mpaka Adoch aliporudi, akiandika. Hakumwambia binti yake neno.

Jumamosi, 11 Mei

Sehemu ya klarineti imekamilika. Ameniletea niione. Mimi si msomaji wa nota. Niliitazama kama mtu anavyotazama picha ya mtoto wa mwenzake, kisha nikakuta siwezi kuirudisha. Akaniachia hadi jioni.

Jumapili, 12 Mei

Nilimwambia kwamba sasa anajua sikio lake ni zima, aende akaongoze wimbo wake. Niliyasema hayo huku nikiomba akatae.

"Tutaona," alisema.

Jumamosi, 18 Mei

Rafiq alinipeleka Naguru kwa gari, mito miwili mgongoni. Uwanja mdogo nyuma ya nyumba za askari, turubai, viti vya plastiki, wazee waliovaa medali juu ya makoti yanayowabana. Vijana wachache wamejazia nafasi za marehemu. Klarineti alipewa msichana mmoja, Lakica, aliyekuwa akilamba mwanzi wake wa kupulizia kwa woga.

Walimshangilia Tarcisio alipopanda jukwaani. Akaweka kijiti cha kuongozea juu ya meza.

"Kabla ya muziki," alisema, "niko na neno. Wengi wenu mlikuwa mstarini siku ile nilimwambia Hamim sikio yake imekufa. Mliona nikimnyang'anya chombo."

"Afande, hayo ni ya zamani," mzee mmoja alisema.

"Nyamaza wewe, sijakupa ruhusa." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Sikio ya Hamim ilikuwa nzima. Aliyekosea nota ni mimi. Iliyokufa ni sikio yangu. Nimesema. Nimemtoa mtu wa haki kwenye bendi, nikamsimamisha langoni, na mimi nikaendelea kupigiwa makofi. Dada yake amekaa pale. Mama Rafiq, sikio yangu ilikufa."

Turubai lote lilinigeukia. Adoch, pembeni yangu, alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Kwa hiyo leo siongozi," akasema. "Kidega, njoo."

Akampa kijiti, akashuka, akaja kukaa karibu nami kwenye kiti cha plastiki kilicholia kwa uzito wake. Bendi ikapiga. Pale katikati, nota ya Lakica ilinyooka.

Sasa ndiyo nakuja kwenye kuungama kwangu. Kuchezea simu ya mzee ni kosa, nami nimekwisha kutubu kwa hilo. Kosa ambalo sijalitubu ni hili. Nilidhani nikilisikia neno lile nitaona aibu, au nitamhurumia, au nitakuta limekuwa majivu mdomoni. Lilikuwa tamu. Nilimwona akinyang'anywa wimbo wa mkewe mbele ya wenzake, kwa mkono wake mwenyewe, mzee asiyekuwa na mara nyingine, na utamu ulishuka mpaka kwenye vidole vya miguu yangu iliyovimba. Namwungamia Mola wangu utamu huo. Siwezi kumwambia uongo kwamba niliutema.

Ndani ya gari aliuliza, akiangalia mbele, "Umetosheka?"

"Bado."

Akaitika kwa kichwa, kama aliyepewa amri. "Basi, kesho."

Jumapili, 19 Mei

Kabla ya misa alisimama mlangoni pangu, visigino pamoja. "Mama Rafiq, sikio yangu ilikufa. Ya Hamim ilikuwa nzima."

"Bado," nikasema.

Alikaribia kuondoka, akageuka. "Unajua alikuwa anaficha karanga ndani ya sanduku la klarineti? Siku ya ukaguzi mkubwa mmoja akafungua. Hamim akamwambia, afande, hizo ni za kulainishia vifunguo."

Sikujua. Nilimlea Hamim, na hilo sikulijua.

Jumatatu, 20 Mei

Alikuja. Nikasema bado. Akanieleza jinsi walivyolala porini safari moja ya kaskazini, na Hamim akapiga kasida kwa klarineti mpaka Wakatoliki wote wakajua kuitikia.

Jumanne, 21 Mei

Alikuja. Bado. Hamim na mbuzi wa kambi.

Ijumaa, 24 Mei

Adoch alisikia saluti na yale maneno, akasimama koridoni na beseni. "Mama, msamehe basi, bambi! Goti lake!"

"Usiingilie mambo ya kambi," babake akamjibu.

Jumatano, 29 Mei

Siwezi tena kukaa bila mtu kunishika. Amekuja. Alisimama kwa kuegemea mlango. Leo ilikuwa habari ya Hamim kumpenda muuza chapati wa Naguru, akanunua chapati mwezi mzima bila kumwambia yule dada neno. Nilicheka mpaka Adoch akaja mbio kuniangalia kama ni pumzi.

Jumamosi, 1 Juni

Mvua zimekatika. Mchana Rafiq alisema paa la Naguru limekwisha kuzibwa, na mzee anaweza kurudi kwake akipenda.

"Siwezi kwenda," Tarcisio alimjibu. "Mama yako hajaniachia."

Jumanne, 4 Juni

Adoch, wewe ndiye utakayefungua kitabu hiki, kwa sababu Rafiq haaminiki na vitu vya kusomwa. Mengi yatakutia uchungu. Nilimtesa babako ndani ya nyumba yangu, akila chakula chako, na wewe ukinikanda miguu. Nidai mbele ya Mungu ukitaka. Hiyo ni haki yako.

Lakini fanya hili moja. Nikishazikwa mwambie kwamba ilitosha. Mwambie ilitosha tangu Jumapili ile ya kwanza, ya karanga. Tangu siku ile namdanganya. Nikisema imetosha, atapiga saluti, atafunga sanduku lake, na nani mwingine aliyebaki duniani anayemjua Hamim akiwa kijana?

Nasikia goti lake koridoni. Anasimama kupumzika, anaendelea.

Nitamwambia bado.